Bei ya Sukari Isiyokuwepo

Asubuhi ile mke wangu alikunywa chai akiwa amesimama, kama kawaida yake. Alikuwa akisema kwamba akikaa, mawazo nayo yanakaa. Mkono mmoja ulishika kikombe, mwingine ulishika karatasi za mhadhara wake wa kuaga chuo. Mimi nilikuwa mezani namenya yai. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza.

Kila mhadhara alioutoa maishani ulipita kwanza kwenye meza ile. Ulianza mchezo huo alipokuwa mhadhiri mpya, anaogopa darasa. Alinisomea, na mahali niliposema "Hapo sijashika," alikunja ncha ya karatasi, akaenda kuandika upya. Watu walipomwuliza kwa nini somo lake linaeleweka wakati la wenzake linalaza, aliwajibu, "Nyumbani nina mkaguzi." Walidhani anatania.

"Unasikiliza au unakula?" aliniuliza.

"Yote mawili, Mwalimu."

Alikuwa profesa wa uchumi, upande wa fedha za kimataifa. Wanafunzi walimwita Mama Sarafu. Mimi nilimwita Mwalimu kwa sababu ndiye aliyenifundisha kusoma, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu. Yeye aliniita Fundi. Mbele ya wageni, mbele ya watoto wa watu, hata kwenye simu mbele ya wakubwa wa benki kuu: "Subirini kidogo, Fundi ananiita."

Alisoma mpaka karatasi zikaisha. Akaziweka juu ya friji.

"Imebaki sehemu moja," akasema. "Hiyo sijaiandika. Nitaisema kwa mdomo."

Akaisema yote pale jikoni, polepole, akitazama nje. Maneno yake nitayaweka mahali pake.

Alipomaliza akaniuliza, "Hapo umeshika?"

"Nimeshika."

"Watanifanyaje?"

"Watanyamaza. Halafu watakupigia makofi."

"Fundi, unajua kudanganya vizuri wewe."

Akacheka. Akanitoa kipande cha ganda la yai kwenye kidevu. Akachukua mkoba, akarudi tena mlangoni. "Funga dirisha ukitoka, mawingu hayo si ya kuaminika." Akaenda.

Nililifunga. Kikombe chake nilikiacha kwenye kizingiti cha dirisha nikisema nitakiosha baadaye.

Alianguka kwenye korido ya idara, mbele ya mlango wake mwenyewe. Nilipofika hospitali walikuwa wameshamlaza na mipira puani. Nilimwita Mwalimu, nikamwita kwa jina lake, nikamwita kwa jina ambalo ni letu wawili. Hakufumbua macho. Tulikaa naye hivyo siku kadhaa, binti yetu upande huu, mimi upande ule, kisha akaondoka bila kutuambia neno. Mhadhara wake ulikuwa bado kwenye tangazo la chuo.

Mlango ule alioangukia ndio uliotukutanisha.

Mimi ni mwandishi wa mabango. Shule sikwenda. Niliokotwa na fundi mmoja wa rangi nikiwa mdogo, akanifundisha brashi. Herufi nilizijua kama mtu anavyojua sura za majirani asiowajua majina. Nikipewa karatasi nilinakili, na kazi ilitoka safi. Basi nikapewa kazi ya kuandika milango ya chuo. Niko kwenye mlango wa idara ya uchumi, nasikia mtu nyuma yangu.

"Umeandika vizuri. Panasema nini hapo?"

"Sijui, dada. Mimi naandika. Kusoma ni kazi yenu."

Alicheka mpaka akaegemea mlango. Rangi ilikuwa mbichi. Blauzi yake ilibaki na herufi ya bluu mgongoni, imegeuka kichwa chini. Niliomba radhi mpaka nikachoka. Yeye akaniambia, "Acha. Sasa nimekuwa mali ya idara." Blauzi hiyo haikutupwa. Iko kabatini mpaka leo.

Mama yake alikuwa muuza duka, mjane, mkali kama pilipili. Nilipokwenda kujitambulisha alinitazama kuanzia viatu.

"Mwanangu ana digrii," akasema. "Wewe una nini?"

"Nina ngazi, mama."

"Ngazi?"

"Na yenyewe inapanda."

Akageuka kumtazama binti yake. "Huyu mjinga ana majibu," akasema. Nikajua nimepokelewa.

Baadaye mke wangu alipata nafasi ya kusomea udaktari wa uchumi ng'ambo. Binti yetu alikuwa hajaacha kutambaa. Watu walisema, ataenda na hatarudi, na akirudi hatakutaka. Nikampeleka uwanja wa ndege nimembeba mtoto mgongoni. Simu siku zile ilikuwa ghali, kwa hiyo alinitumia kanda. Jioni naweka kanda kwenye redio, mtoto amekaa miguuni, tunamsikia mama yake anaeleza mambo ya fedha. Nami nilimrekodia majibu. "Mwalimu, hapo kwenye kufungwa sijashika. Pesa imefungwa kwa kamba gani?"

Kanda iliyofuata ikajibu: "Kwa sahihi ya waziri."

Nikamrekodia: "Basi ndiyo maana inafunguka."

Aliniambia aliicheza kanda hiyo mbele ya profesa wake, akamtafsiria, na profesa akafuta miwani kwa kucheka.

Nitaeleza somo lake kama alivyonieleza mimi. Nchi ndogo ina pesa yake. Nchi kubwa ina pesa yake. Leo unabadilisha kwa kiwango hiki, kesho kwa kile, mfanyabiashara hapati usingizi. Sasa nchi ndogo inasema, kuanzia leo pesa yangu imefungwa kwenye ile kubwa, kiwango hakisogei. Ni kama mtoto kushikwa mkono na mtu mzima sokoni. Hapotei. Ila mtu mzima akitembea haraka, mtoto anaburutwa. Swali lake lilikuwa: miaka ile pesa yetu ilipofungwa, watu wa kawaida walipata nafuu au waliburutwa? Akakusanya bei za vitu muhimu kutoka maduka ya serikali ya miji mingi, mwezi baada ya mwezi. Akaona bei hazikutikisika. Akaandika sentensi iliyompa jina: "Fedha iliyofungwa vizuri hutuliza bei."

Sentensi hiyo ilimpandisha. Alirudi nayo, na alirudi kwangu. Akawa mhadhiri mwandamizi, akawa profesa. Vitabu vya watu wengine viliinukuu. Aliitwa kwenye mikutano mbali huko, akarudi na kalamu za hoteli kwa ajili ya mtoto na brashi kwa ajili yangu. Benki kuu walimwita kutoa ushauri. Wanafunzi wake waliandika tasnifu zao juu ya tasnifu yake, kama nyumba ya ghorofa. Mmoja wao sasa ni mkuu wa idara, ana mvi, lakini mke wangu alimwita Kijana mpaka mwisho, na mimi namwita hivyo hivyo. Ni mtu mwema. Nataka hilo lijulikane kabla sijafika mbele.

Muda wa kustaafu ulipokaribia, nilikwenda ofisini kwa mke wangu na maboksi kumsaidia kuhama. Vitabu vikatoka, rafu zikabaki tupu. Yeye hawezi kuacha rafu ina vumbi. Akalowanisha kitambaa, akaanza kufuta. Kuanzia juu, kushoto kwenda kulia, anazungusha mkono kwenye kona. Mimi nafunga boksi. Nikaona kimya kimekuwa kirefu.

Nikainua kichwa. Amesimama, kitambaa kimebanwa kwenye rafu, maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Mwalimu?"

"Fundi, nimeshawahi kufanya kazi hii."

"Ya kufuta?"

"Ya kufuta rafu isiyo na kitu."

Akaketi juu ya boksi. Boksi likabonyea, hakujali. Akanieleza habari ambayo sikuwahi kuisikia, na sidhani kama yeye mwenyewe aliwahi kujieleza.

Duka la mama yake lilikuwa la serikali. Kila duka la aina hiyo lilikuwa na ubao mweusi mlangoni, na sheria ilitaka bei ziandikwe hapo kila asubuhi. Mkaguzi alipita, akanakili bei za ubaoni, akaenda zake. Ubao ukiwa na bei, duka halina kosa. Rafu haikumhusu. Basi mama mkwe aliandika kwa chaki: sukari bei hii, sabuni bei hii, mafuta bei hii, kama jana, kama mwaka jana. Na ndani hakukuwa na sukari, wala sabuni, wala mafuta. Mtoto wake alipewa kitambaa afute rafu, maana mkaguzi hakupenda vumbi.

"Sasa mlikuwa mnapata wapi sukari?" nikamwuliza.

"Kwa mtu. Nyuma ya gereji. Kwa bei aliyotaka yeye, na wiki ijayo nyingine. Mama alikwenda mimi nikiwa nimemshika gauni."

Nilichukua kitambaa mkononi mwake.

"Bei zangu zote zimetoka kwenye mbao zile, Fundi. Karatasi za wakaguzi. Nilikaa maktaba ya watu, kwenye baridi, nikachora mstari ulionyooka, nikafurahi kwamba umenyooka."

"Pengine ilikuwa duka la mama peke yake."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Lakini alikwenda kuhakikisha, maana ndivyo alivyokuwa. Aliwatafuta wauza duka wa zamani, wazee kutuzidi sisi, wale waliobaki. Alipanda mabasi kwenda miji mingine na goti lake lile bovu. Kila aliporudi alivua viatu mlangoni na kusema neno moja tu: "Tupu." Baadaye hata hilo aliacha kulisema, alitikisa kichwa tu, nami nampa chai.

Nilimwambia aandike, achapishe, yaishe.

"Nikiandika watasoma wachache, na hao wachache watanitetea," akasema. "Watasema Mama Sarafu amezeeka, anaota mchana. Nataka niseme nimesimama mbele yao, wanitazame usoni. Mhadhara wa kuaga wanakuja wote."

Hiyo ndiyo sehemu iliyobaki. Hakuiweka kwenye karatasi, aliiweka kwangu. Sidhani kama alikusudia kuniachia. Alikuwa anafanya mazoezi tu, kama siku zote.

Baada ya mazishi Kijana alikuja nyumbani. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, magoti pamoja, kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Baba, chuo kimeamua ukumbi mkubwa uitwe kwa jina la Profesa. Tutauzindua siku ileile ambayo angetoa mhadhara. Na tumesema, mkono wa kuandika ukutani usiwe wa mtu mwingine."

Nililia. Sikuona haya. Nikamwambia kesho niko pale.

Ukumbi ule una ukuta mrefu mbele, juu ya ubao. Nilipiga chaki mistari miwili kwa uzi, nikatafuta katikati, nikaanza jina. Mkono wangu siku hizi unatetemeka, lakini nikiuegemeza kwenye fimbo yangu ya kazi unatulia. Sijawahi kuandika herufi nzuri kama zile. Kila moja niliitamka nikiivuta, kama alivyonifundisha. Nilipomaliza jina nikashuka kuona kwa mbali. Kijana akaja, akasimama kando yangu, akavua miwani.

"Safi sana, Baba. Bado chini yake." Akanipa karatasi.

Nilisoma. *Fedha iliyofungwa vizuri hutuliza bei.*

Nikaketi kwenye ngazi ya chini.

"Hii siwezi, Kijana."

"Umechoka, Baba. Tufanye kesho."

"Sijachoka. Alitaka kuifuta hii. Hilo ndilo alilokuwa anakuja kuwaambia siku hiyo." Nikamweleza yote, rafu, ubao wa mama mkwe, gereji, safari zake. Alinisikiliza vizuri. Uso wake ulibadilika rangi, na nilimwonea huruma, maana ghorofa yake yeye imesimama juu ya hiyo sentensi.

"Aliandika mahali?"

"Hakuandika."

"Karatasi za mhadhara ninazo, ulinipa mwenyewe. Hakuna neno hilo hata moja."

"Alitaka kulisema kwa mdomo."

Akakaa nami pale kwenye ngazi, suti na rangi vikaonana.

"Baba, mimi nakuamini," akasema. "Wallahi nakuamini. Lakini siwezi kwenda kwenye baraza la chuo na kusema marehemu ameifuta kazi yake jikoni. Watasema ni huzuni. Watasema..." akaacha.

"Watasema mzee hakusoma."

"Mimi sijasema, Baba."

"Najua hukusema."

Jioni binti yetu akaja, amekasirika, macho yamevimba. Ameshaambiwa.

"Baba, kwani wamekuomba nini? Mstari mmoja tu!"

"Mstari wenyewe ndio huo."

"Mama ametoka kwenye duka la bibi, hana viatu, amefika jina lake liko ukutani. Wewe mumewe ndiye uwatangazie watu kwamba alikosea? Wapo waliokuwa wanalisubiri hilo tangu apate uprofesa. Wakumbuke hilo tu, basi?"

"Yeye ndiye aliyetaka."

"Yeye hayupo!"

Alisema hivyo, akaziba mdomo kwa mkono. Tukakaa. Kweli hayupo. Kikombe chake kilikuwa bado kwenye kizingiti cha dirisha, chai imekaukia ndani, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukiosha.

Sikurudi ukumbini. Ngazi yangu waliniletea na gari la chuo. Walileta kijana wa kompyuta mwenye herufi za plastiki, zikabandikwa chini ya jina lake nililoliandika mimi. Siku ya uzinduzi nilikaa mbele. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama. Walikuja wote, kama alivyosema watakuja. Wasemaji walimsifu vizuri, na kila mmoja aliisoma ile sentensi ukutani, mwingine kwa kuielekeza kidole. Wakapiga makofi. Nilimwambia watampigia makofi. Mdomo wangu huo.

Neno la familia alilitoa binti yetu. Alishukuru, akaeleza mama yake alivyokunywa chai amesimama, watu wakacheka, wakalia. Mwishoni akageuka kutazama ukuta. Nilimwona anasoma. Alikaa hivyo kitambo, amewapa watu mgongo, mpaka Kijana akamsogelea akidhani anaishiwa nguvu. Akasema "Asanteni," akashuka.

Tulirudi nyumbani. Yeye akaingia jikoni moja kwa moja. Nilisikia maji. Alikuwa anakiosha kile kikombe. Alikiosha muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji, akakifuta, akafungua kabati kukiweka. Rafu ile ya mama yake haikuwa na kitu, vyombo vilichukuliwa kuhudumia watu wakati wa msiba na bado havijarudi. Akasimama na kile kikombe mkononi.

"Baba," akasema, hakugeuka. "Mama alisemaje, hasa hasa? Usiniambie maana yake. Niambie maneno."

Nikamwambia. Nilimwambia kama alivyoyasema, pale pale aliposimama, nikitazama dirisha lile lile. Binti yangu aliweka kichwa kwenye mlango wa kabati akalia kama alivyokuwa akilia utotoni, kwa sauti, bila kujizuia. Mimi nilimshika bega. Hakuna kingine nilichojua kufanya.

Alipotulia akasema, "Andika. Wewe andika tu, mimi nitapiga chapa."

Basi nimeandika. Imenichukua muda. Herufi kubwa nazimudu, ndogo zinanisumbua, na yule wa kuniuliza kama nimeshika hayupo. Kijana nimemwambia. Alisema, "Nitaisoma, Baba," hakuongeza. Ya ukutani yapo bado, plastiki haichakai upesi. Nikipita chuoni sitazami juu.

Meza ni ile ile. Asubuhi nachemsha yai moja. Naliweka, halafu nakuta nimekaa kimya, nasikiliza.

Haya ndiyo aliyoyasema mke wangu asubuhi ile, amesimama, kikombe mkononi. Sijaongeza wala sijapunguza:

"Niliandika kwamba bei zilitulia. Hazikutulia. Sukari haikuwepo. Mama yangu aliandika bei kwa chaki kila asubuhi, na mimi ndiye niliyefuta rafu. Nililijua hilo nikiwa mtoto, nikalisahau nilipopata elimu. Ninyi ni wanafunzi wangu. Kama mlinipenda, msinitetee. Nisahihisheni."